Mto Ulioanzia kwa Mzee Jairo

Watu wengine wamejaliwa ng'ombe, wengine wamejaliwa watoto wenye kazi Dodoma. Mzee Jairo, wa kitongoji kimoja juu ya Kawetele, huko Tukuyu, alijaliwa mto. Hakuuchimba, hakuununua, wala hakuurithi kwa maandishi. Ulitoka tu chini ya ukuta wa mwamba mweusi nyuma ya jiko lake, maji baridi ya kuuma meno, ukapita katikati ya migomba, ukaingia kwa majirani na kuteremka zake bondeni. Unaitwa Kabembe. Ni mto mdogo. Mbuzi mwenye haraka anauruka bila kujitayarisha. Lakini ni mto, na ulianzia kwa Jairo, na kama hukuwa unajua hilo basi hukuwahi kukaa naye dakika tatu.

Alikuwa na ufundi wa kuuingiza mto kwenye mazungumzo yoyote. Mkizungumzia bei ya parachichi, atasema parachichi linataka maji, na maji yanaanzia kwangu. Mkiwa msibani, atakumbuka jinsi marehemu alivyoyapenda maji ya Kabembe, "na mnajua yanakoanzia." Siku mchungaji alipohubiri habari za mito minne ya bustani ya Edeni, Jairo, aliyekaa benchi la pili, aliinua kidole. Mchungaji akainama ghafla kutafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa.

Njiani alikuwa amesimamisha ubao aliouandika mwenyewe kwa rangi ya bluu: CHANZO CHA MTO KABEMBE. MMILIKI YUPO.

Na mmiliki kweli alikuwepo. Wageni wakija, wanafunzi wa vyuo au watalii waliopotea njia ya kwenda Daraja la Mungu, aliwapeleka hadi kwenye mwamba, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayempapasa ng'ombe wa maziwa, na kuwaeleza elimu ya ardhi kwa jinsi alivyoielewa yeye. "Mlima Rungwe ni mama," alisema. "Mama ana chuchu. Chuchu iko kwangu." Wasichana wa chuo waliandika hayo madaftarini. Baada ya hapo aliwaingiza sebuleni kuwaonyesha zawadi za mto, zilizopangwa kwenye kabati la vyombo vya wageni: mwiko mmoja wa mti, mfuniko wa plastiki wa rangi ya chungwa, na kandambili moja ya mtoto, ya kushoto. Kwa miaka kumi na mmoja mto ulikuwa unamtolea vitu kutoka tumboni mwa mlima. Alipoulizwa mlima umepata wapi kandambili, alijibu kwamba Mungu hahojiwi.

Sasa, juu ya ule ukuta wa mwamba, mwendo wa hatua mia nne hivi kupanda, kuna kijito kingine kinachoitwa Kalonge. Kinashuka kutoka msituni kwa kelele nyingi, kikifika kwenye kichaka cha mianzi kinapotea. Watu husema Kalonge kinafia mianzini, na hakuna aliyewahi kwenda kukifanyia uchunguzi wa kifo. Katika mlima ule maji kupotea si habari. Zamani, kabla ya Wanyakyusa na kabla ya parachichi, mlima ulitapika uji wa moto. Uji ukateremka, ukaganda juu huku chini ukiendelea kutiririka, ukaacha mawe yenye matundu kama mkate wa juzi na mapango marefu kama utumbo. Maji yakikuta tundu yanaingia. Yanatokea wapi, ni shauri yake.

Mtu ambaye angeweza kwenda kuchungulia bila kuomba ruhusa ni Jairo mwenyewe, kwa sababu kiwanja chenye kile kichaka kilinunuliwa na mwanawe, Godwin, dereva wa lori la ndizi. Lakini Godwin alipokinunua, miaka hiyo kumi na mmoja iliyopita, alioa na kumweka hapo mkewe, Tulia. Tangu siku hiyo Jairo hakukanyaga. Kwa mila ya kwao, mzee na mke wa mwanawe hawakutani uso kwa uso, hawapiti njia moja, hawaitani majina. Wengi wameshalegeza, kuna wakamwana wa Bulyaga wanaowatumia baba wakwe zao vichekesho kwenye simu. Jairo hakulegeza. Tulia naye, ambaye amemaliza kidato cha nne na ndiye katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi, aliishika mila ile kwa mikono miwili. Aliwaambia rafiki zake kwamba hakuna desturi nyingine duniani inayompa mwanamke amani kama hiyo.

Ndipo akaja Samson.

Samson alikuwa afisa wa mradi wa kulinda vyanzo vya maji, kijana wa Shinyanga aliyepangiwa kazi Tukuyu mwezi wa saba na akaamini ameadhibiwa kwa kosa ambalo hakuambiwa. Alivaa makoti mawili, na juu yake kizibao cha njano cha kung'aa. Aliitisha kikao cha kitongoji, akafungua fomu, akauliza, "Ndugu wananchi, chanzo cha mto Kabembe kiko wapi?"

"Kwa Jairo!" kitongoji kizima kikajibu kwa sauti moja, kama kwaya iliyofanya mazoezi. Na kweli ilikuwa imefanyishwa mazoezi kwa muda wa miaka.

Jairo alikwenda mbele akiwa amevaa koti la harusi ya Godwin. Akasaini mara tatu, mara ya tatu pasipo na nafasi ya saini. Akaomba apigwe picha. Akapigwa.

Wiki mbili baadaye gari lilikuja na bikoni nane za zege za kuwekea mipaka, vibarua wanne na tepu ndefu. Samson akasimama kwenye mwamba, kibarua akavuta tepu kupita migomba, akavuta, akavuta, mpaka Jairo akamuuliza kama anaipeleka Mbeya.

"Mita sitini, mzee wangu," Samson akasema. "Kuzunguka chanzo chote. Ndani ya duara hakuna kulima, hakuna mifugo, hakuna makazi. Tunapanda miti ya asili."

"Ndani ya duara kuna migomba yangu."

"Ndiyo. Hiyo itatoka."

"Yote?"

Samson akageuka kutazama. Jairo alikuwa na ekari mbili na nusu, zote zimekumbatia ule mwamba. "Si yote," akasema kwa huruma. "Ile mitatu ya pale kwenye kona inabaki. Jiko linatoka. Nyumba... mstari unapita hapa sebuleni. Chumba chako cha kulala kiko nje ya chanzo."

"Kwa hiyo nitalala kihalali," Jairo akasema, "ila kula nitakula kwa kuvunja sheria."

Vibarua walicheka. Jairo hakucheka. Migomba ile ndiyo ilikuwa chakula chake, ada za shule za watoto wake wakati ule, na mazishi yake wakati ujao. Mama yake ndiye aliyepanda mashina ya kwanza.

"Lakini kandokando ya mto huko chini kote kumelimwa," alilalamika. "Migomba imeingiza miguu majini. Mbona hawapimwi?"

"Sheria ni hiyo hiyo, mzee. Ila mimi bajeti yangu ni ya chanzo. Bikoni nane."

"Basi mto hauanzii hapa."

Samson akachomoa fomu, akaionyesha. "Mzee, umesaini mara tatu."

"Nilisaini sifa! Sikusaini migomba!"

Samson hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetumwa na bikoni nane, na akizirudisha ofisini ataulizwa. "Nionyeshe chanzo kingine, na uthibitisho," akasema akifunga zipu ya koti la pili. "Vinginevyo kesho saa tatu tunachimba."

Jioni Jairo alikaa mbele ya sahani ya ndizi bila kuigusa. Mkewe, Esnath, ambaye watu humwita Mama Godwin, alimsogezea chumvi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyatunza kama mbegu.

"Baba Godwin," akasema, "ule mfuniko wa chungwa ni wangu."

"Mfuniko gani?"

"Wa kabatini. Nilimpa mkweo siku ya harusi, pamoja na ndoo yake. Ulimponyoka akiosha vyombo kule mianzini, ukaingia shimoni. Keshokutwa yake nikauona kwetu, umeuweka kabatini."

Jairo akaweka chini kijiko ambacho hakuwa amekitumia. "Na mwiko?"

"Wa kwake."

"Na kandambili?"

"Ya mjukuu wako. Alilia siku mbili. Godwin akamnunulia nyingine."

"Miaka kumi na mmoja, Mama Godwin!"

"Ulikuwa na furaha," Esnath akasema. "Mwanaume mwenye furaha hasumbui. Ningesema ili iweje?"

Mzee alitaka kugomba. Lakini migomba ilikuwa inangoja. "Mwite mkweo," akasema. "Asije ndani. Asimame nyuma ya jiko."

Tulia akaja na kusimama nyuma ya ukuta wa mbao wa jiko, upande wa nje; Jairo akakaa ndani, mgongo umeuelekea ukuta. Kati yao palikuwa na ubao mmoja wenye nyufa za kupitisha mkono. Esnath alisimama mlangoni kama karani wa mahakama.

"Mama Godwin," Jairo akaanza, "mwambie mkweo anieleze kile kijito kinaingia wapi."

"Baba anauliza kijito kinaingia wapi," Esnath akasema.

"Mama, mwambie baba, chini ya mianzi kuna shimo la kuingia ng'ombe. Maji yote yanaingia humo. Nilipofyeka kichaka ndipo nikaliona. Ukitega sikio unayasikia yanakwenda huku kwenu."

"Anasema..."

"Nimesikia!" Jairo akasema. "Yaani, mwambie nimeambiwa. Mbona hakusema siku zote?"

"Mama, mwambie baba ningemwambia kwa kupitia dirisha gani?"

Esnath hakuona haja ya kulirudia hilo. Jairo akasema basi, kesho atamwonyesha yule afisa kandambili, na mambo yataisha.

"Mama, mwambie baba atachekwa. Kandambili zimejaa Tanzania nzima. Afisa atataka kitu atakachokitia alama kwa mkono wake mwenyewe, kitumbukie juu na kitokee chini. Na kiwe kinaelea, kisikwame kwenye majabali."

"Kitu gani?" Jairo akauliza, akamsahau karani.

"Yale mawe mepesi ya kusugulia visigino. Yamejaa kwenye lile tabaka jeupe juu ya barabara, yale ambayo mlima uliyatupa hewani kama povu la pombe. Yanaelea kama vizibo. Nitayapaka rangi ya kucha, nyekundu. Wanakwaya wanayo chupa nzima."

Jairo, mzee wa miaka sitini na saba, alikuwa anagundua kwamba mtu mwenye akili kuliko wote katika ukoo wake alikuwa amekaa hatua mia nne kutoka kwake kwa miaka kumi na mmoja, na yeye alikuwa anamkimbia njiani kwa heshima.

"Mwambie," akasema polepole, "afanye hivyo."

Kesho yake saa tatu Samson alisikiliza hadithi nzima huku akipuliza vidole. Aliupenda mpango, kwa sababu ulikuwa na hesabu. Mawe arobaini mekundu. Kila jiwe aliliandika herufi S kwa maka peni. Kisha akapanda na Tulia hadi mianzini, yeye akitangulia na Tulia akifuata, huku Jairo akiwa ametazama upande mwingine mpaka walipopotea. Esnath alikaa jikoni na simu, apokee na kutoa taarifa. Na vibarua je? Vibarua wanalipwa kwa siku, Samson alisema, waendelee kuchimba. Sayansi ikishinda, watasimama.

Saa nne kamili simu ikaita. "Yameingia!" Esnath akatangaza.

Jairo alichuchumaa mbele ya mwamba, mikono magotini, macho kwenye tundu ambalo alikuwa amelisifia maisha yake yote na leo ndiyo kwanza analitazama. Maji yalitoka meusi, yakawa meupe, yakaenda. Saa nne na nusu, hakuna kitu. Nyuma yake majembe yalilia: shimo la kwanza, la pili. Saa tano ilipotimia walikuwa wanamaliza la tatu.

"Afisa anauliza, bado?" Esnath akapaza sauti.

"Bado!"

"Anasema labda yanakwenda mto mwingine!"

Shimo la nne likakamilika. Kibarua mmoja, jitu pole lililokuwa likiomba radhi kwa kila mgomba, likaenda kusimama mbele ya shina lililokaa mahali pa shimo la tano, panga mkononi. Lilikuwa shina la zamani kabisa, la mama yake Jairo, na lilikuwa limebeba mkungu uliobakiza wiki mbili kukomaa.

Hapo ndipo Jairo aliposikia kitu kikigonga mwamba kidogo, tok. Kikatoka kitu chekundu kwenye maji, kikazunguka mara moja kama nyanya iliyopotea sokoni, kikaja moja kwa moja kwenye kiganja chake. Herufi S ilikuwa juu yake, haijafutika hata kidogo.

Hakuna aliyeona. Esnath alikuwa jikoni, vibarua walikuwa migombani. Jairo akafunga kiganja.

Tuseme ukweli: alifikiria. Alifikiria kwa muda ambao mtu mwaminifu hapaswi kufikiria. Jiwe hili likiingia mfukoni, yeye anabaki Jairo wa chanzo. Picha yake itabandikwa ofisini, bikoni zitasimama kuzunguka jina lake kama walinzi, na wajukuu wa wajukuu watasema mto ulianzia kwa babu. Jiwe likitoka, Kabembe unakuwa mto unaompitia tu, kama unavyowapitia majirani kina Ambwene na Ezron na watu wengine wasio na hadhi yoyote. Ubao wake utakuwa uongo. Kabati lake litakuwa vyombo vilivyopotea. Benchi la pili kanisani watamcheka mpaka Pasaka.

Panga likashuka. Halikukata shina, lilikata jani moja tu, la kupima mkono. Jani likaanguka, na utomvu ukadondoka juu ya kaptula ya kibarua.

"ACHA!" Jairo akapiga kelele, akasimama ghafla kiasi kwamba goti lililia. "Acha hapo hapo! Mto hauanzii kwangu!"

Kibarua akaganda na panga hewani. Esnath akatoka jikoni, simu sikioni. Katika miaka arobaini na miwili ya ndoa hakuwahi kusikia sentensi hiyo.

"Hauanzii kwangu!" Jairo akarudia, na akashangaa kwamba mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. "Unapita tu! Mimi ni njia! Tazama!" Akafungua kiganja.

Na kama vile mlima ulikuwa unangoja akiri kwanza, mawe mengine yakaanza kutoka: mawili, matano, tisa kwa mpigo, mekundu matupu, yakigongana na kucheza kwenye maji. Vibarua wakatupa majembe na kuingia mtoni kuyaokota wakipiga yowe kama watoto. Esnath aliyahesabu kwenye ndoo na kuisoma hesabu simuni. Yakafika thelathini na moja, yakakoma.

"Afisa anauliza tisa yako wapi," akasema.

"Mwambie yamekatwa ushuru njiani," Jairo akajibu.

Samson aliteremka akikimbia, koti moja limevuliwa. Alipiga picha mawe, mwamba, ndoo, na mgomba uliopona. Aliandika kwenye fomu mpya kwamba maji ya Kalonge huingia ardhini mianzini na kuibuka baada ya zaidi ya saa moja kwa Jairo, kwa jina la Kabembe, na kwamba chanzo halisi kiko juu, ndani ya hifadhi ya msitu, ambako hakuna mgomba wa kung'oa wala mtu wa kusaini. Alipofika kwenye neno "juu" alisimama kidogo, akautazama mlima uliokuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni, akazitazama bikoni zake nane, halafu akalivaa tena lile koti.

Tulia naye alikuwa ameshuka, amesimama nyuma ya migomba kiasi cha kuonekana kitenge tu.

"Mama Godwin," Jairo akasema akiwa amelitazama jiko, "mwambie mkweo, ndaga fijo. Asante sana. Na mwambie kikao cha kikundi chao cha parachichi kikikosa mahali, waje hapa kwangu. Mimi nitakwenda kutembea siku hiyo."

"Mama, mwambie baba tumepokea," kitenge kikajibu. "Na kandambili aendelee nayo tu. Mtoto anavaa namba thelathini na nane sasa."

Vibarua wakaanguka kwa kicheko, na mara hii Jairo akacheka nao, kwanza kwa shingo upande, kisha kwa tumbo lote. Esnath akateleka sufuria kubwa. Walikula ndizi na maharage wamekaa kwenye mizizi ya mwamba, na Samson, aliyesema hajisikii njaa, alipakuliwa mara tatu.

Walipomaliza, Samson akawaambia vibarua wafukie yale mashimo manne kabla ya kuondoka, ili wamwachie mzee shamba lake kama walivyolikuta. Jitu pole likachukua koleo.

"Usiguse!" Jairo akasema.

Alikuwa ameshafika kwenye shimo la kwanza. Akaingiza mkono wake mpaka begani, akapima kina, akapapasa kingo. Lilikuwa shimo zuri: la mraba, refu, udongo mweusi wa juu umewekwa pembeni, ule wa chini peke yake. Akaenda kwenye la pili, akalikagua nalo. Akarudi akiwa na machipukizi manne ya migomba begani, yenye mizizi inayodondosha matope, akalisimamisha la kwanza shimoni na kuliegemeza kwa mguu.

Kisha akainua uso.

"Afisa," akasema, "hivi hukuniambia bikoni ni nane? Mbona mashimo ni manne?"